Shairi la Kumkomboa Mwana

Swali la kama mshairi ana ruhusa ya kusema uongo ni la zamani, na majibu yake aghalabu hutolewa upesi na watu ambao hawajapata kutiwa katika jaribu lenyewe. Husemwa kuwa kweli ndiyo mtaji wa mshairi, na kwamba autumiaye mtaji huo kununulia kitu kingine, hata kiwe chema namna gani, amekwisha filisika. Neno hili ni zuri, na katika hali nyingi za maisha ni sahihi. Mshairi amsifuye tajiri ili avikwe kanzu, au amsifuye mtawala ili apewe cheo, hana mtetezi. Walakini lipo jaribu moja ambalo huifanya hukumu hii nyepesi kuwa nzito, nalo lilimpata Anna Akhmatova wa Urusi, mmoja wa washairi wakubwa wa karne ya 20. Katika mwaka wa 1950 mwanamke huyu alichapisha mashairi ya kumsifu Stalin. Alikuwa na umri wa miaka sitini na zaidi. Sifa zile hakuziamini. Mwanawe wa pekee alikuwa kifungoni, na mama alitumaini kuwa sifa hizo zingemtoa.

Je, alitenda vibaya? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa haki mpaka ijulikane alikuwa nani, mashairi yake ya kweli yalikuwa yapi, na alikuwa na deni kwa nani.

Alizaliwa mwaka wa 1889 karibu na Odessa, mji wa bandari katika Bahari Nyeusi, akaitwa Anna Gorenko. Alilelewa Tsarskoe Selo, mji mdogo wa majumba ya kifalme na bustani, si mbali na St. Petersburg. Baba yake, alipopata habari kuwa binti yake anatunga mashairi, alimwonya asije akalitia aibu jina la ukoo. Binti hakuacha kutunga, aliacha jina. Alitwaa jina la Akhmatova kutoka upande wa mama yake, akapenda kulinasibisha na khani mmoja wa kale wa Kitatari. Katika 1910 aliolewa na Nikolai Gumilev, mshairi mwenye sifa zake mwenyewe na msafiri aliyefika mpaka Uhabeshi. Na katika 1912 yalitokea mambo mawili: diwani yake ya kwanza, Jioni, ilichapwa nakala 300, na mwanawe Lev alizaliwa. Mtoto huyo alilelewa na mama yake Gumilev, huko mashambani, kuliko alivyolelewa na mama yake mwenyewe. Jambo hili halina budi kukumbukwa hapa, maana mwana naye alilikumbuka.

Ushairi wa Kirusi wakati ule ulikuwa mikononi mwa washairi wa ishara, ambao kwao kila kitu kionekanacho kilikuwa pazia la kitu kisichoonekana. Ua halikuwa ua, wala machweo hayakuwa machweo. Gumilev, Osip Mandelstam, Akhmatova na wenzao wachache walichoshwa na ukungu huo. Walijikusanya katika chama cha watunzi mwaka wa 1911, wakausomea utunzi kama seremala asomeavyo kazi ya mbao, na mtindo wao ukaja kuitwa Akmeizimu. Walitaka kitu kiwe chenyewe kwanza, ndipo kiwe mfano wa kingine. Akhmatova aliufikisha mtindo huo mahali ambapo wenzake hawakufika. Katika shairi lake moja la 1911 mwanamke anatoka katika nyumba ya mpenzi ambaye hatamwona tena. Mshairi hasemi kuwa mwanamke huyo amefadhaika. Asema tu kuwa glavu ya mkono wa kushoto ameivaa katika mkono wa kulia. Wasomaji wa Kirusi hawakuisahau glavu ile. Mandelstam alisema kuwa asili ya ushairi wa Akhmatova ni riwaya kubwa za Kirusi za karne iliyotangulia, na kweli ndivyo ilivyo: jambo ambalo mwandishi wa riwaya angelihitaji sura nzima kulieleza, yeye alilitia katika beti tatu au nne. Diwani yake ya pili, Tasbihi, ya 1914, ilichapwa tena na tena, na wasichana wa miji ya Urusi wakaihifadhi kwa moyo.

Msomaji wa Kiswahili, ambaye amesikia mabishano mengi juu ya vina na mizani, na ambaye huenda akadhani kuwa mshairi wa kisasa ni yule aliyevitupa vyote viwili, yafaa aambiwe kuwa Akhmatova hakutupa vina. Alivishika karibu maisha yake yote. Alicholegeza ni mizani. Mizani ya Kirusi hupimwa kwa mikazo ya sauti, na desturi ilitaka idadi ya silabi nyepesi kati ya mkazo na mkazo iwe moja daima. Yeye na baadhi ya washairi wa zama zake waliiacha iongezeke na kupungua, hata ubeti ukasikika kama pumzi ya mtu asemaye. Usasa wake, basi, haukuwa wa kuvunja bali wa kupunguza: kupunguza maneno, kupunguza mapambo, kupunguza hata machozi. Kwa mtunzi wa namna hii kila neno lililobaki lilikuwa na uzito, na kwa sababu hiyo neno lake moja la uongo lilikuwa na hasara kubwa kuliko maneno mia ya uongo ya mtunzi mwingine.

Mapinduzi ya 1917 yaliwatawanya watu wa fani yake. Wengi walikwenda Ufaransa na Ujerumani. Yeye alikataa kuondoka, akalisema jambo hilo katika mashairi yake kwa ukali. Gumilev, ambaye waliachana kwa talaka katika 1918, alishtakiwa kula njama juu ya serikali akapigwa risasi mwezi wa Agosti 1921. Tangu siku hiyo Akhmatova alihesabiwa mjane wa mtu ambaye hakuwa tena mumewe, na Lev akahesabiwa mwana wa adui. Kutoka katikati ya miaka ya 1920 mpaka 1940 mama huyo hakuchapishiwa diwani hata moja. Wahariri hawakuhitaji kusomewa amri hadharani, walijua. Yeye akakaa akimsoma Pushkin na kuandika juu yake.

Kisha ukaja wakati wa kukamatwa. Lev alikamatwa kwa siku chache mwaka wa 1933. Katika 1935 alikamatwa tena pamoja na Nikolai Punin, mwanachuoni wa sanaa ambaye Akhmatova alikuwa akiishi naye. Mama alifunga safari kwenda Moscow, akamwandikia Stalin barua, na baada ya siku chache wote wawili wakafunguliwa. Habari hii ishikwe vema. Mtu abishaye mlango mara moja ukafunguka, hawezi tena kujiambia kuwa mlango ule ni ukuta.

Mwezi wa Machi 1938 Lev alikamatwa mara nyingine, na safari hii mlango haukufunguka. Kwa muda wa miezi kumi na saba mama yake alisimama katika foleni mbele ya magereza ya Leningrad, kubwa yao likiwa lile la matofali mekundu kando ya mto Neva, ambalo watu huliita Misalaba. Desturi ya mahali hapo ilikuwa hii: jamaa za mfungwa walijipanga tangu alfajiri, wengi wao wanawake, katika jua na katika theluji, mpaka wafike kwenye kidirisha na kutoa fedha kidogo. Fedha zikipokewa, mfungwa yu hai naye yumo. Zikikataliwa, amekwisha pelekwa mbali, au amekufa. Hapakuwa na jibu jingine, na watu walingoja siku nzima kwa ajili ya hilo. Wote walinong'ona. Siku moja mwanamke mmoja mwenye midomo iliyogeuka rangi kwa baridi, ambaye hakupata hata kulisikia jina la mshairi huyo, lakini alikuwa amesikia watu wakisema kuwa ni mtunzi, alimwuliza sikioni kama aweza kuyaeleza mambo haya. Akhmatova akajibu kuwa aweza. Hilo ndilo deni lililotajwa mwanzo wa maneno haya. Halikuandikwa popote, wala mdai hakuacha jina.

Alililipa. Kati ya 1935 na 1940 alitunga sehemu kubwa ya Rekwiemu, mfululizo wa mashairi mafupi juu ya mama anayengoja, na juu ya akina mama wote waliongoja pamoja naye. Namna lilivyohifadhiwa ni sehemu ya thamani yake. Karatasi iliyopatikana na mashairi yale ingeweza kumwua mtunzi, na kumwua yeyote aliyekutwa nayo. Lydia Chukovskaya, mwandishi, ambaye mumewe naye alikuwa amechukuliwa, ameeleza jinsi ilivyokuwa. Akhmatova aliogopa kuwa chumba chake kina masikio. Alizungumza kwa sauti juu ya chai, au juu ya majira yalivyobadilika mapema, na huku akisema hayo aliandika beti katika kipande cha karatasi akampa mgeni wake. Mgeni alisoma mpaka akazihifadhi. Kisha mwenyeji akawasha kiberiti, akaichoma karatasi juu ya kisahani cha majivu. Watu wachache walilichukua shairi hilo vifuani mwao kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini, na hakuna hata mmoja aliyelitoa kwa wapelelezi. Wapwani wa zamani, ambao utenzi kwao ulikuwa kitu cha kukaa moyoni kabla ya kukaa kitabuni, wangeliielewa kazi ile vizuri kuliko mabwana wa matbaa.

Miaka iliyofuata yaweza kupitwa haraka. Vita vilipoingia Urusi katika 1941, serikali ilikumbuka kuwa mwanamke huyu ana sauti: alisema katika redio ya Leningrad, akahamishiwa Tashkent kwa usalama wake, na shairi lake la kuwatia watu moyo likatolewa katika gazeti la Pravda mwezi wa Machi 1942. Vita vilipokwisha ikasahau. Tarehe 14 Agosti 1946 Kamati Kuu ya Chama ilitoa azimio la kuyalaani magazeti mawili ya fasihi kwa kumchapa yeye na Mikhail Zoshchenko, mwandishi wa hadithi za kuchekesha. Zhdanov, mkubwa wa mambo ya fikra, alisimama mbele ya waandishi akamwita Akhmatova nusu mtawa na nusu kahaba. Wote wawili walifukuzwa katika Chama cha Waandishi, na kazi zake zilizokuwa zimekwisha pigwa chapa zikaharibiwa. Lev, ambaye alikuwa amemaliza kifungo chake cha kwanza katika migodi ya kaskazini, akapigana vitani mpaka Berlin na kurudi katika masomo yake ya historia, alikamatwa tena mwezi wa Novemba 1949. Alihukumiwa miaka kumi. Punin alikuwa amekamatwa miezi michache kabla yake. Naye alifia kambini mwaka wa 1953.

Hapo ndipo mama alipoyatunga mashairi yale. Yalitoka katika matoleo kadhaa ya Ogonyok ya mwaka 1950, gazeti la picha lililosomwa nchi nzima, kwa jina la Amani Itukuzwe. Baadhi yake yalimtaja Stalin kwa sifa zilizokuwa desturi ya siku hizo.

Wako wahakiki wampendao ambao humtetea kwa hoja ya werevu. Husema kuwa aliyatunga vibaya makusudi, ili kila mwenye masikio atambue kuwa si sauti yake. Kweli mashairi yale ni mabovu: hayana glavu, hayana kitu cha kushikika, ni kelele za karamu ya wengine. Lakini utetezi huu haufai kukubaliwa. Mtu atoaye fidia hatii fedha bandia makusudi katika mfuko, huku mwanawe yumo mikononi mwa wamshikao. Yamkini alijitahidi kuyatunga kwa kadiri alivyoweza, na ubovu wake ni ule tu wa mkono uliolazimishwa. Tena hoja hiyo humwondolea mama huyo jambo ambalo ni la heshima yake, nalo ni kuwa alijua analotoa.

Wengine humtetea kwa umama peke yake, wakisema kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na asiyeuonja anyamaze. Hili lina nguvu zaidi, ila linapita kiasi. Likikubaliwa lote, basi hakuna tendo lolote la mzazi liwezalo kupimwa. Hata aliyemshitaki jirani yake kwa uongo ili mwanawe aachiliwe angekuwa hana lawama, na watu wa namna hiyo walikuwapo katika Urusi ya siku zile. Mafakihi wana kanuni isemayo kuwa dharura huhalalisha lililokatazwa, lakini hawakuiacha itembee peke yake. Wameifungia pamoja na nyingine mbili: kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake, na kwamba madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake. Huu ni mzani mzuri kuliko ule wa machozi, na kwa mzani huu jambo la Akhmatova laweza kutazamwa kwa utulivu.

Kwanza, je, ilikuwako dharura? Ilikuwako, na njia nyingine hazikuwako. Barua zilikuwa zimekwisha andikwa. Hata hivyo mtu aweza kuuliza kama alikuwa na sababu ya kutumaini kuwa sifa zitafaa kitu, maana aliiona habari ya Mandelstam. Rafiki huyo alitunga mwaka wa 1933 shairi fupi la kumdhihaki Stalin akalisoma mbele ya watu wachache. Alikamatwa mwezi wa Mei 1934, na usiku huo Akhmatova mwenyewe alikuwamo nyumbani mwake huko Moscow wakati wapelelezi walipokuwa wakipekua. Mapema katika 1937, akiwa uhamishoni, Mandelstam huyo huyo alitunga shairi refu la kumsifu Stalin, akitaka kuyaokoa maisha yake. Halikumwokoa. Alikamatwa tena katika 1938, akafa mwishoni mwa mwaka huo katika kambi ya wapitao karibu na Vladivostok. Basi Akhmatova alikuwa na masomo mawili yasiyopatana: 1935 ilimfundisha kuwa ombi hupokewa, na 1938 ilimfundisha kuwa sifa hukataliwa. Mama mwenye masomo mawili kama haya hufuata lile lenye tumaini. Hapa hapana wa kumlaumu.

Pili, ni nani aliyedhurika? Stalin hakuongezewa nguvu. Mwezi wa Desemba 1949 alitimiza miaka sabini kwa hesabu ya serikali, na sifa zilizomwagwa juu yake kutoka pande zote za dola zilikuwa bahari. Mashairi ya Akhmatova yalikuwa kikombe kimoja kilichomiminwa ndani yake. Hakuna mfungwa aliyeongezewa siku moja kwa ajili yao. Lakini si kweli kuwa hapana aliyedhurika. Yule msomaji wa mji mdogo, aliyeificha Tasbihi nyuma ya vitabu vingine na kujifariji kuwa yuko angalau mmoja asiyeinama, alifungua Ogonyok akaona kuwa ameinama. Msomaji huyo hakuijua habari ya Lev. Kitu fulani kiliondoka kwake, wala hakuna aliyekuja kumweleza. Haya ni madhara ya kweli, na wanaomtetea mshairi wasiyapite kwa kimya.

Na wale wanawake wa foleni? Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Mtu aweza kusema kwamba heshima ya Akhmatova haikuwa mali yake peke yake tena: tangu alipomjibu yule mwanamke kuwa aweza, sauti yake ilikuwa amana, na amana haitolewi kumkomboa mwana wa mwenye kuitunza. Hoja hii ni kali kuliko zote. Jibu lake hupatikana kwa kuwatazama wenye amana wenyewe. Ni yupi katika foleni ile ambaye, kama angaliambiwa kuwa maneno kumi ya kumsifu Stalin yatamrudisha mwanawe, angaliyazuia? Wengi waliyaandika maneno hayo katika maombi yao waliyoyapeleka Moscow, wakiapa kuwa waume zao ni waaminifu na kwamba wao wenyewe wanamtumaini mkuu wa nchi. Hawakuhesabu kuwa wamesaliti. Walihesabu kuwa wamepitisha kitu dirishani. Akhmatova alipotoa mashairi ya 1950 hakuiacha foleni. Alikuwa bado yumo ndani yake, na kwa kuwa hakuwa na mali nyingine, alipitisha dirishani kitu pekee alichokuwa nacho. Tofauti ni kuwa ombi la mwanamke mwingine lilisomwa na karani mmoja likatiwa katika faili, na lake lilisomwa na taifa.

Mashairi yalipokelewa, mwana hakurudi. Mwaka wa 1951 Akhmatova alirudishwa katika Chama cha Waandishi, akapewa kazi za tafsiri, akawa na chakula. Dirisha lilikuwa limezitwaa fedha na kumpa asiyemwombea. Ni vigumu kufikiri adhabu iliyo nyerevu kuliko kumlipa mtu hivi, kwa maana tangu hapo kila mkate alioula ulifanana na ujira.

Jambo la 1954 ni gumu zaidi kulitetea, na mara nyingi huachwa na wale wapendao kumsifu. Mwezi wa Mei wa mwaka ule, Stalin akiwa amekwisha kufa mwaka mmoja na zaidi, wanafunzi kutoka Uingereza walikuja Leningrad, wakaomba kuonana na Zoshchenko na Akhmatova, wakawauliza hadharani maoni yao juu ya azimio la 1946. Waliuliza kwa wema na kwa ujinga. Zoshchenko alijibu kuwa hawezi kukubali matusi aliyotukanwa. Akhmatova alisimama akasema, kwa maneno machache, kuwa azimio na hotuba ile vyote viwili vilikuwa sahihi, akakaa. Yeye hakuguswa baada ya hapo. Zoshchenko alishambuliwa upya, akanyimwa tena nafasi za kazi, naye akafa katika 1958 akiwa mtu aliyevunjika. Lev alikuwa bado kambini. Zoshchenko hakuwa na mtoto kambini, na hiyo ndiyo tofauti yote ya hali zao siku ile. Lakini kwa mzani wa mafakihi, jibu la Akhmatova halikuwa sawa na mashairi ya 1950. Yale yalitoka katika mfuko wake mwenyewe. Jibu hili lilimwacha mwenzake amesimama peke yake. Kulisamehe kwawezekana, kuliita dogo hakuwezekani. Na ukweli wa mwisho juu ya siku ile ni kuwa swali lenyewe lilikuwa mtego, na waliotega, ambao hawakuulizwa neno na mtu yeyote, ndio waliopaswa kujibu.

Lev alifunguliwa mwezi wa Mei 1956, baada ya miaka mingi iliyogawanyika kati ya vifungo viwili. Mtu angetazamia machozi ya furaha. Alikuja na hasira. Aliamini kuwa mama yake angeliweza kufanya zaidi, na kwamba mateso yake yeye yalikuwa kwa mama kitu cha kutungia. Hakuwa mwema katika hili, wala hakuwa na ujuzi wa yote. Barua za kambini husomwa na wageni, na mengi yasingeweza kuandikwa humo. Lakini nyuma ya hasira ile palikuwa na mtoto aliyeachwa mashambani na mama aliyekuwa na mashairi ya kutunga, na mtoto huyo hakuwa amekosea kabisa. Mwana akawa mwanahistoria mashuhuri wa watu wa nyika za Asia. Tangu mwaka wa 1961 hawakuonana tena kama mama na mwana. Hivyo fidia ile, iliyomgharimu jina lake mbele ya wasomaji wasiojua, haikumnunulia uhuru wa Lev, wala upendo wake haikuununua.

Wakati huo kazi yake ya kweli ilikuwa ikiendelea. Shairi Lisilo na Shujaa, alilolianza mwishoni mwa 1940 na kulitengeneza kwa zaidi ya miaka ishirini, ni jengo kubwa lenye vyumba vingi, na linawasuta wale wadhanio kuwa aliweza mambo madogo tu. Mwaka wa 1963 Rekwiemu ilichapwa Munich bila ya idhini yake, ikitoka katika nakala zilizopitishwa mkono kwa mkono. Katika 1964 alipewa tuzo ya Etna-Taormina huko Italia, na katika 1965 Chuo Kikuu cha Oxford kikampa digrii ya heshima. Alikufa tarehe 5 Machi 1966, siku ile ile ya mwaka ambayo Stalin alikufa katika 1953. Nchini mwake Rekwiemu haikuchapwa nzima mpaka 1987.

Mashairi ya 1950 hakuyatetea. Hakuandika utangulizi wa kueleza kuwa alilazimishwa, ingawa baada ya 1956 angeweza kufanya hivyo na watu wangelimwelewa. Mashairi kadhaa ya mfululizo ule yalitiwa tena katika diwani yake ndogo ya 1958, na katika nakala alizowapa rafiki zake alibandika juu ya kurasa zile vipande vya karatasi vyenye mashairi mengine. Kaburi lake liko Komarovo, kijiji kilicho katika misonobari kando ya Ghuba ya Finland. Kando yake pana ukuta wa mawe ambao Lev aliujenga pamoja na wanafunzi wake, na wengi husema kuwa aliufananisha na ukuta wa gereza, ule ambao mama yake alisimama mbele yake miezi kumi na saba.